Shirika la Mawasiliano Lisimtegemee Mtu Mmoja

Julai 2022 Mkoa wetu wa Songwe ulipata Mkuu wa Mkoa mpya, Ndugu Waziri Kindamba, akitokea Njombe. Wananchi wa Vwawa na Tunduma walimpokea kama wanavyompokea kiongozi yeyote wa Serikali. Lakini sisi tunaofuatilia mwenendo wa mashirika ya umma tulikuwa na swali jingine moyoni: Shirika la Mawasiliano, TTCL, aliloliongoza tangu 2016 kabla ya kupewa mikoa, limebaki na nini?

Swali hilo si la umbeya. TTCL ndilo lililokabidhiwa kuendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na tawi moja la mkongo huo linapita hapa Tunduma kuingia Zambia. Mgeni akiyaona malori yamejipanga barabarani hudhani foleni ile ni habari ya matairi na mizigo tu. Sivyo. Katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa na Marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, hati za forodha hushughulikiwa kwa kompyuta. Mawasiliano yakikatika, dereva hulala njiani, na mwenye mzigo kule Lusaka huhesabu hasara ya siku asizozipanga.

Historia ya Shirika hili yafaa ikumbukwe. Lilizaliwa 1994, Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake iliuzwa kwa wageni. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya SaskTel ya Kanada, na mkataba ule ukavunjika kabla ya muda wake. Kila aliyekuja alikuja na mipango yake, na alipoondoka aliondoka nayo. Ndipo 2016 Serikali ikazinunua tena hisa zile kwa shilingi bilioni 14.9, na kwa sheria ya 2017 TTCL ikawa mali ya umma kwa ukamilifu.

Katika miaka ya Ndugu Kindamba Shirika lilitoa gawio kwa Serikali: shilingi bilioni 1.5 mwaka 2018 na bilioni 2.1 mwaka 2019. Tulishangilia, na hatuoni haya kusema hivyo. Hata hivyo taarifa za baadaye za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja hasara. Hatumnyoshei kidole aliyeondoka wala aliyempokea. Tangu hapo kiti kile kimekwisha kaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Kosa letu, wananchi na viongozi pamoja, ni kulipima Shirika kwa sura ya mkuu wake na hundi anayoikabidhi mbele ya wapiga picha, badala ya kuuliza mitambo ina hali gani na mafundi wamebaki wangapi.

Jirani zetu wa Kenya walipata mtihani mgumu zaidi. Julai 2019 Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, alifariki dunia. Mara moja bodi ikamrudisha Michael Joseph, mkuu wa zamani, kushika nafasi kwa muda, na Aprili 2020 Peter Ndegwa akaanza kazi. Katika kipindi chote hicho mama wa sokoni aliendelea kutuma fedha kwa M-Pesa bila kujua nani anakalia kiti. Ile ni kampuni ya biashara, tena yenye wenye hisa wa nje, nasi hatuitamani kwa kila jambo. Hili moja tunalitamani.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule ya Serikali tunakumbuka kwamba mwalimu akisafiri, masomo hayakusimama: wanafunzi wakubwa waliwasomesha wadogo, kwa sababu mwalimu alikuwa amewazoeza mapema.

Kwa hiyo tunaitaka bodi ya TTCL iwe na watu waliokwisha andaliwa ndani ya Shirika kabla mkuu hajahamishwa, na makabidhiano yafanyike kwa maandishi, mtambo kwa mtambo, deni kwa deni. Na tukiwa kwenye madeni: mkuu mpya hata akiwa hodari namna gani hawezi kununua vipuri kwa bili ambazo ofisi za umma hazijalipa. Ofisi zetu za hapa Songwe zitazame mafaili yao wiki hii.