Kozi ya Mtandaoni Hupimwa kwa Wanaohitimu, si kwa Wanaojisajili

Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilifungua mlango kwa mtumishi, mkulima na mfanyabiashara kusoma bila kuacha shughuli zao. Masomo yaliyowafikia kwa vitabu vilivyochapishwa, leo huwafikia pia kwa simu ya mkononi.

Taasisi nyingi sasa huandaa kozi za mtandaoni. Hata hivyo, kuweka maandishi ya darasani kwenye tovuti hakutoshi. Mwanafunzi aliye mbali hana mwalimu wa kumfuatilia wala mwenzake wa kumuuliza. Akikwama, huondoka kimyakimya, na ada aliyolipa hupotea pamoja na muda wake.

Hatua ya kwanza ni kubainisha kile ambacho mwanafunzi ataweza kufanya baada ya kozi. Kwa wafanyabiashara wadogo, lengo la "kuelewa uhasibu" halipimiki. Lengo la "kuandaa daftari la mapato na matumizi la mwezi mmoja" linapimika. Baada ya lengo huandaliwa jaribio la mwisho, na ndipo masomo hufuata.

Hatua ya pili ni kugawa masomo katika vipande vifupi. Utafiti wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliochambua matukio milioni 6.9 ya utazamaji wa video katika kozi nne za jukwaa la edX, ulionesha kuwa video fupi huwashikilia zaidi wanafunzi. Watafiti walishauri zisizidi dakika 6. Kwa anayenunua bando dogo, kila somo lipatikane pia kwa sauti au maandishi anayoweza kupakua mara moja na kuyasoma bila intaneti.

Hatua ya tatu ni majaribio madogo ya mara kwa mara. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walibaini kuwa, baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia tu kusoma.

Hatua ya nne ni uwepo wa mkufunzi. Ratiba itangazwe mapema na maswali yajibiwe ndani ya muda uliowekwa. Programu huria ya Moodle, inayopatikana bila malipo, huonesha mwanafunzi aliingia lini mara ya mwisho. Asiyeonekana kwa wiki nzima anapaswa kupigiwa simu kabla hajakata tamaa.

Aidha, mwandaaji anawajibika kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, kwa kukusanya taarifa zinazohitajika tu. Kabla ya kuifungua kozi kwa umma, ni vyema ijaribiwe na wanafunzi wachache wakitumia simu zao wenyewe, mahali wanapoishi.

Kwa upande wake, mwananchi anapaswa kujiridhisha kabla ya kulipa ada. Kwa kozi za shahada, taarifa za vyuo vinavyotambuliwa hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa elimu ya ufundi, na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Aulize pia nani atakayemfundisha, atajibiwa baada ya muda gani, na wangapi kati ya walioanza kozi hiyo wameimaliza.