Maji ya Kibanda Chako Yanakwenda Wapi?

Leo tunazungumza na wewe unayekaanga chipsi na samaki pale Kibera, wewe mwenye saluni Kawangware, wewe unayefulia watu nguo, na wewe unayelea watoto katika ploti yenye biashara za aina hiyo. Swali letu ni moja: ukishamwaga maji uliyooshea sufuria, yanakwenda wapi?

Mjini Nairobi kuna njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni bomba la maji taka lililofukiwa ardhini, ambalo wengi wetu tunaliita sewa. Bomba hilo hubeba maji ya choo, bafu na jikoni mpaka mahali pa kuyasafishia, kama vile mabwawa makubwa ya Dandora yaliyoko Ruai. Njia ya pili ni mtaro ulio wazi. Kazi ya mtaro ni kupitisha maji ya mvua, na maji yake hayasafishwi popote. Mitaro ya Kibera huteremka hadi Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Ile ya Kawangware huingia katika vijito vinavyoelekea Mto Nairobi. Huko chini wako watu wanaonyweshea mboga kwa maji hayo hayo, na mboga hizo hurudi sokoni kwetu.

Kwa hiyo, kama ploti yenu imeunganishwa na sewa, maji ya biashara yaende kwenye sewa, si mtaroni. Lakini sewa nayo haimezi kila kitu.

Adui yake mkubwa ni mafuta. Mafuta yakiwa moto hutiririka kama maji. Yakifika ndani ya bomba hupoa na kuganda ukutani. Kesho yake chembe za ugali na wali hunata hapo, kisha nywele, kisha kitambaa cha kumpangusia mtoto kilichotupwa chooni. Siku baada ya siku njia inakuwa nyembamba, mpaka inaziba. Usidhani kwamba maji moto na sabuni yatayamaliza mafuta. Yanayasukuma mbele tu, nayo yakipoa yanaganda kwa jirani.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 2017 huko London, katika eneo la Whitechapel, mafundi walikuta bonge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi ndani ya bomba la maji taka. Kama bomba kubwa la London liliziba, sembuse lile jembamba la ploti yenu?

Sasa mama, haya yanamhusu vipi mtoto wako? Sewa ikiziba, maji ya choo hutafuta pa kutokea. Hufumuka kwenye chemba iliyo chini zaidi, mara nyingi karibu na mlango wa mtu. Watoto huchezea hapo, kisha hutia mikono mdomoni.

Tena kuna hatari nyingine isiyoonekana. Sehemu nyingi za mitaa yetu zina mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa yanayopita ndani ya mitaro. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye tundu humwaga nje. Maji yakikatika na bomba likabaki tupu, tundu lile lile hufyonza uchafu ndani. Mfereji ukifunguliwa tena, jerikeni lako la kwanza linaweza kuwa na kinyesi usichokiona. Ndiyo sababu shirika la SHOFCO huko Kibera liliinua mabomba yake juu ya nguzo. Kwa njia hizi tunapata kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, ugonjwa uliolipuka Nairobi mwaka 2015 na tena mwaka 2017.

Basi tufanye nini? Fuata hatua hizi.

Kwanza, futa kabla ya kuosha. Kwangua sufuria, karai na sahani, makombo uyatie kwenye ndoo yenye kifuniko. Pangusa mafuta kwa gazeti kuukuu.

Pili, chuja. Weka chujio au wavu mdogo kwenye tundu la sinki au bafu. Mwenye saluni na kinyozi wakusanye nywele zote, hata zile za kwenye beseni. Muuza nyama asimwage damu wala mafuta ya nyama.

Tatu, usimwage kamwe mafuta ya kukaangia, iwe kwenye sewa, mtaro au choo cha shimo. Yaache yapoe kabisa mbali na watoto. Yachanganye na jivu au maranda ya seremala yakauke, kisha uyape vijana wanaozoa taka.

Nne, tengeneza mtego wa mafuta. Unahitaji pipa, au ndoo ya lita 20 kwa kibanda kidogo. Toboa tundu ubavuni, karibu sentimita 10 kutoka juu. Mwambie fundi apitishe bomba hapo, na kwa ndani afunge kiungo chenye umbo la herufi T. Mdomo wa juu ubaki wazi. Mdomo wa chini uongezwe kipande cha bomba kishuke mpaka karibu na sakafu ya pipa, kikiacha nafasi ya sentimita 10. Upande wa pili mimina maji yaliyopoa, polepole, kupitia chujio. Mafuta ni mepesi, yataelea juu. Maji ya chini ndiyo yatakayotoka kuelekea sewa. Kila baada ya siku chache enga mafuta hayo na uyatupe kama tulivyosema. Usipoyaenga, mtego utajaa na mafuta yatapita. Funika pipa muda wote, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kutumbukia.

Kama ploti haina sewa, kufuta na kuchuja ni muhimu zaidi. Maji ya kusuuzia nguo yatumie tena kuoshea sakafu ya choo. Kaeni na mwenye nyumba mjadili kuunganishwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inataja usafi wa mazingira na maji safi kuwa haki ya kila mtu. Nazo kanuni za ubora wa maji, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka viwango vya maji yanayoingizwa katika sewa ya umma. Hata biashara ndogo ina wajibu wake.

Sewa ikifumuka, waondoe watoto hapo na uripoti kwa Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Jiji la Nairobi. Usichokonoe kwa mikono mitupu. Chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa ya klorini. Mtoto akianza kuhara, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS mara kwa mara, na umpeleke kliniki. Akiwa mlegevu, macho yamedidimia au hawezi kunywa, usingoje kuche.

Kwa leo tuishie hapo. Kabla hamjatawanyika, jadilianeni katika kikundi: chemba ya ploti yetu iko wapi, nani humwaga nini ndani yake, na mtego wa kwanza tutauweka kwa nani?