Waziri Aliyegeuka Kivuli

Neno silhouette, walitumialo Waingereza kwa umbo jeusi lisiloonyesha uso, ni jina la mtu. Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759, alibana matumizi na kuwatoza kodi matajiri, hakumaliza mwaka. Wenye kejeli wakabandika jina lake kwenye kila kitu cha rahisi, zikiwamo picha za vivuli. Hata kisiwa kimoja cha Shelisheli chaitwa hivyo.

Hapa Utange, miaka ya 1990, palikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita Somalia. Walikuwamo mafundi na wafanyabiashara. Sisi tukawaita wakimbizi, basi. Naamini jina la haraka humfuta mtu uso, akabaki umbo. Mgeni na aulizwe jina lake.