Madiwani wa Brazil: Baraza Kongwe, Kura Nyingi Kuliko Zote, na Faru Aliyewashinda Wagombea

Kwa ukongwe, São Vicente inaongoza. Agosti 1532, miezi michache baada ya Martim Afonso de Sousa kuuanzisha mji huo wa pwani, lilichaguliwa baraza linalotajwa kuwa la kwanza Amerika nzima kupatikana kwa kura. Waliopiga kura ni wanaume wenye mali na hadhi. Wanawake na watumwa hawakuhesabika. Katika miji mingi ya kikoloni baraza na jela vilikaa jengo moja, madiwani ghorofani na wafungwa chini. Jengo la Ouro Preto, ambalo sasa ni makumbusho, ndilo mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu.

Kwa ukubwa ni São Paulo: madiwani 55, kikomo cha katiba, kila mmoja akiwakilisha watu zaidi ya 200,000. Serra da Saudade, huko Minas Gerais, ilikuwa na wakazi 833 katika sensa ya 2022, na madiwani 9. Kazi ni ileile: kutunga sheria za mji, kupitisha bajeti, kumbana meya.

Kura nyingi zaidi alipata Eduardo Suplicy mwaka 2016, São Paulo: 301,446. Alikuwa ameshakaa seneti miaka 24, na bado akaona baraza la mji linastahili nguvu zake.

Ila ushindi wa ajabu kuliko wote ni wa Oktoba 1959, São Paulo hiyohiyo. Watu walichoshwa na rushwa, bei za vyakula na mitaro ya maji machafu iliyoachwa wazi. Wakati huo karatasi za kura za udiwani ziliweza kuchapishwa nje ya mamlaka ya uchaguzi na kutumbukizwa sandukuni ndani ya bahasha. Basi zikachapishwa zenye jina la Cacareco, faru jike aliyeazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Rio de Janeiro. Alipata kura takriban 100,000, kuliko mgombea yeyote. Zilihesabiwa kuwa zimeharibika, lakini ujumbe wa wananchi ulifika.

Idadi ninayoithamini zaidi haikuvunja rekodi: 46,502, kura za Marielle Franco jijini Rio mwaka 2016, za tano kwa wingi. Mwanamke mweusi kutoka mtaa duni wa Maré aliingia kwenye chombo ambacho wakoloni walikiunda kumfungia nje mtu kama yeye. Aliuawa kwa risasi Machi 14, 2018, pamoja na dereva wake, Anderson Gomes. Oktoba 2024 mahakama iliwatia hatiani waliokuwa polisi wawili kwa mauaji hayo.