Mahindi ya Machakos na Daftari la Hospitali

Sima hupikwa kila siku katika nyumba nyingi za Pwani, ingawa mashamba yetu hayatoshi kuilisha miji yetu. Mahindi mengi tunayoyasaga hutoka bara, mengine ng'ambo ya mpaka, nayo hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika jikoni. Kwa hiyo yaliyowapata jirani zetu wa Ukambani si habari ya mbali. Wiki hii twataka kueleza jinsi maradhi yaliyoua watu wengi huko yalivyotambuliwa, na jinsi kumbukumbu zilizoandikwa kwa uangalifu zilivyosaidia kuyazuia yasiendelee kuua.

Mwaka 1981, hospitali tatu za wilaya ya Machakos zilipokea wagonjwa 20 waliougua ini. Siku chache baada ya kulazwa, 12 kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Madaktari wangeweza kuandika katika daftari kwamba ni ugonjwa wa ini, wakafunga ukurasa. Lakini waliuliza zaidi, wakasikia kwamba kabla ya watu kuugua, njiwa wengi walikuwa wamekufa, kisha mbwa. Ndipo shaka ikaelekea kwenye chakula. Mahindi yalichukuliwa kutoka nyumba mbili zilizofikwa na msiba, yakapimwa. Katika nyumba moja yalikutwa na mikrogramu 12,000 za sumu katika kila kilo, na katika ya pili 3,200. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya kwa miaka mingi kilikuwa mikrogramu 20 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1982 katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet.

Sumu yenyewe ni ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na kwa Kiswahili sumukuvu. Hutengenezwa na aina ya kuvu inayoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa mmea unapoteswa na ukame shambani, au nafaka inapohifadhiwa kabla ya kukauka. Haina ladha ya kumwonya mlaji, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Anayekula nyingi kwa muda mfupi huharibika ini, macho yakageuka manjano, na huenda akafa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huwekwa katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi kwa mwenye virusi vya hepatitisi B.

Miaka 23 baadaye, mwaka 2004, maradhi yalirudi. Safari hii yalishika zaidi Kitui na Makueni, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Machakos yenyewe na Thika hazikusalimika. Mwezi wa Mei habari zilienea za watu kugeuka manjano na kufa kwa wingi. Ugonjwa wa namna hiyo waweza kuwa na sababu nyingi, na kila sababu yataka dawa yake. Lau ungekuwa wa virusi, nguvu zingeelekezwa kwenye kuwatenga wagonjwa na kusafisha maji, na watu wangeendelea kula kile kile kilichokuwa kikiwaua. Lakini maofisa wa afya waliona kwamba mambo yalifanana na yale ya 1981. Mahindi yakapimwa mapema, na mengine yakakutwa na mikrogramu 4,400 kwa kilo, mara 220 ya kiwango kilichoruhusiwa. Wagonjwa wale 20 wa zamani, kwa kuwa walikuwa wameandikwa, waliwaonyesha njia waliokuja baada yao.

Kufikia tarehe 20 Julai 2004, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Hao ni karibu watu wawili katika kila watano waliougua.

Wizara ya Afya, ikisaidiwa na wataalamu kutoka taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, haikutosheka na kujua jina la sumu. Swali lilikuwa: mbona nyumba hii imeugua na ile ya jirani imesalimika, ilhali wote wanakula mahindi? Walichukuliwa wagonjwa 40, wakalinganishwa na watu 80 wasiougua. Wote waliulizwa maswali yale yale juu ya mavuno, kuhifadhi na kula, na mahindi yao yakapimwa. Ikaonekana kwamba mahindi ya waliougua yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na kwamba wao ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Jambo hilo si gumu kulielewa. Katika mwaka wa uhaba, ni nani atakayeliacha gunia lake nje, mbali na macho yake? Lakini joto na unyevunyevu wa chumbani ndivyo kuvu inavyovipenda. Vilevile virusi vya hepatitisi B vilionekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wenzao.

Wachunguzi walikwenda masokoni pia. Katika masoko 65 walikusanya mahindi na bidhaa zake, sampuli 350 kutoka kwa wauzaji 243. Asilimia 55 ya sampuli hizo zilipita kiwango cha mikrogramu 20. Hesabu hiyo ilibadilisha sura ya jambo. Kumwonya mkulima peke yake kusingetosha, maana aliyetupa mahindi yake angeweza kwenda sokoni akanunua sumu ile ile. Serikali ilipeleka chakula kingine katika wilaya zilizoathirika zaidi, na chakula kilichotiliwa shaka kikakamatwa na kuharibiwa.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo hatupaswi kulificha. Ripoti ya 1981 ilikuwapo miaka yote hiyo. Ilisaidia kuutambua ugonjwa ulipozuka tena, lakini haikuuzuia usizuke. Kati ya daftari na uamuzi pana safari, na safari hiyo yahitaji watu wa kuisimamia: wa kupima mahindi kila msimu, wa kuangalia idadi ya wagonjwa kila wiki, na wa kutenga fedha kabla ya jeneza la kwanza. Maarifa yaliyolala kabatini hayamkingi mtoto.

Tangu hapo hatua zimepigwa. Watafiti waliochunguza kuvu ya Ukambani waligundua kwamba mahindi ya huko yalitawaliwa na jamii ya kuvu yenye sumu kali mno. Wakatafuta katika udongo wa Kenya kuvu za jamaa moja nayo zisizotoa sumu, ili zipandwe shambani ziinyang'anye ile mbaya nafasi. Dawa hiyo, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka 2015, na hutengenezwa Katumani, Machakos, katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Kiwango kinachoruhusiwa nacho kimeshushwa hadi mikrogramu 10. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa unga wa aina tano, baada ya vipimo kuonyesha sumukuvu kupita kiasi.

Nasi akina mama na walezi tuna sehemu yetu. Tununue mahindi makavu, na tuyahifadhi juu ya vichanja, si sakafuni wala ukutani. Tukitaka kujua kama yamekauka, tuchukue chupa ya kioo iliyo kavu, tutie mahindi kidogo na chumvi kavu, tuitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji. Punje zilizooza au kubadilika rangi tuzitupe, wala tusiwape kuku na ng'ombe, kwa kuwa sumu huingia hata katika maziwa. Tuwakamilishie watoto chanjo zao za kliniki, ambazo ndani yake mna kinga ya hepatitisi B.

Na mhudumu wa afya ya jamii anapobisha hodi na kutuuliza nani anaumwa, nani amefariki na kwa dalili gani, tusimwone mdaku. Tumjibu kwa ukweli, na tumweleze hata yale yanayoonekana madogo, kama kuku kufa ghafla au watu wa nyumba moja kugeuka manjano. Kisha nasi tuwaulize viongozi wa kaunti: mahindi ya soko letu yamepimwa lini, na matokeo yako wapi? Wenzetu wa Machakos na Makueni walisubiri miaka 23 kabla ya swali hilo kuulizwa kwa sauti.