Kompyuta Inayojiandaa Yenyewe

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyoshikika, iliyoumbwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Mwalimu mwenye kompyuta moja ya Linux aweza kuwaumbia wanafunzi wake kadhaa, wala hana haja ya kuziandaa moja moja. Huandika maagizo katika faili, tuseme darasa.yaml: majina ya watumiaji, maneno yao ya siri, na programu zinazotakiwa. Kisha, katika amri ya virt-install, pamoja na nakala ya diski ya Debian iliyokwisha kutayarishwa, huongeza:

--cloud-init user-data=darasa.yaml

Kompyuta hiyo iwakapo mara ya kwanza, programu iitwayo cloud-init huyasoma maagizo na kuyatimiza.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mstari wa kwanza wa faili sharti uwe #cloud-config. Kwa kawaida alama ya # hutangulia maelezo yasiyotekelezwa. Basi mwanafunzi nadhifu huufuta mstari huo akidhani hauna kazi. (Hata mimi niliwahi kuufuta.) Kompyuta huwaka kana kwamba haina kasoro, lakini watumiaji hawakuundwa, na hakuna awezaye kuingia. Kusahihisha faili peke yake hakusaidii, maana wakati wa kusomwa kwake umekwisha pita. Iliyo rahisi ni kuifuta kompyuta hiyo na kuumba nyingine kutoka nakala safi ya diski.