Fare za gari ya volani kuume: kile turnevisi inaweza, na kile haiwezi

Usiku, ku barabara ya Kasumbalesa ao ya Likasi, shofere anakutana na gari ingine na kwa sekunde mbili haoni kitu. Anapiga fare ili mwenzake apunguze. Mwenzake naye anajibu kwa kupiga fare, maana alikuwa tayari amewasha kode. Hakuna aliyekosa adabu. Mara mingi shida iko ndani ya fare yenyewe.

Magari mingi ya Lubumbashi yalitengenezwa Japani na yanapitia Tanzania ao Zambia, inchi ambako watu wanatembeza gari mukono wa kushoto. Kongo ni mukono wa kuume. Volani kila mutu anaiona. Juu ya fare watu hawafikirie. Kumbe kode hazimuliki sawasawa pande zote. Kwa gari ya Japani, mwangaza wa kuume unakatika chini, wa kushoto unapanda kidogo ili kuonyesha ukingo wa barabara. Kule ni sawa. Hapa, kushoto ndiko gari ingine inatokea: ule mwangaza unaingia mu macho ya shofere anayekuja, na ukingo wa kuume, kule wanapopita wenye kinga za makala alfajiri, unabaki mu giza.

Kwanza urefu wa mwangaza. Hiyo kazi inafanyika ku lupango, jioni, bila mekanisie. Inaomba udongo ulio sawa na ukuta. Mapine yawe na upepo wa kutosha, mutu mumoja akae ku volani, na mifuko ya simenti itoke nyuma, maana uzito wa nyuma unainua fare. Kama gari iko na kifungo cha kupandisha na kushusha fare, kiwekwe ku 0. Gari inasogezwa karibu na ukuta, unachora kwa chaki urefu wa katikati ya kila fare, kiisha inarudi nyuma metre 5. Washa kode. Mustari ambapo mwangaza unakatika unapaswa kuwa sentimetre 5 chini ya chaki. Kwa metre 10, ni sentimetre 10.

Nyuma ya kila fare, chini ya kapo, mara mingi kuko visi mbili: moja ya juu na chini, moja ya pembeni. Zungusha robo kwa robo, ukiangalia ukuta.

Wengine wanashusha sana, eti wasisumbue watu. Fare iliyo sentimetre 65 juu ya udongo, ikipangwa vile, inamulika mpaka karibu metre 65. Ukishusha mara mbili zaidi, inabaki karibu metre 32. Gari inayokimbia kilometre 60 kwa saa inamaliza metre hizo kwa sekunde mbili. Shimo, ao mutu, utamuona ukiwa umeshamufikia.

Sasa angalia umbo la ule mustari ukiwa umekaa ndani. Ukipanda upande wa kushoto, fare ni za mukono wa kushoto, na hakuna visi itakayogeuza hiyo. Kuna mafundi wanaosukuma fare yote kuume kwa visi ya pembeni. Mwangaza unahama, umbo linabaki vilevile. Hiyo si dawa.

Dawa ya kweli ni kubadilisha fare zote mbili kwa zile za mukono wa kuume, kama zinapatikana kwa gari hiyo. Fare zingine zenye lenzi ya duara ziko na kifimbo kidogo ndani cha kugeuza upande. Afazali kukitafuta mbele ya kulipa. Ingine ni ile Waingereza wanafanya wakivuka kwenda Ufaransa: wanabandika skoche nyeusi ku sehemu ya kioo inayotupa ule mwangaza wa kupanda. Ili kuipata, mumoja anasogeza kitambaa kidogo mbele ya kioo na mwengine anaangalia ukuta mpaka ile sehemu inazimika. Mwangaza unapunguka kidogo, na kwa kioo cha plastiki isikae siku mingi, juu ya moto wa ampulu.

Ampulu za LED ndani ya fare iliyotengenezwa kwa ampulu ya kawaida mara mingi zinatawanya mwangaza ovyo, hata kama visi ziko sawa. Ukibadilisha ampulu ao resori, ao gari ikigongwa mbele, rudi ku ukuta.